Mafundo Matatu kwenye Khanga ya Mama

Maharage yanayoungua yana harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, inakaribiana na ya kahawa inayokaangwa, na asiyeijua anaweza kuvuta pumzi akidhani jirani anaandaa kitu kizuri. Ya pili inakuja ghafla, chungu, inakaa kooni na kwenye mapazia mpaka kesho yake. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mdogo wangu Juma, pale Maili Moja, na ile ya pili ikanipokea mlangoni. Mkewe, Rehema, alikuwa amekaa kwenye ngazi, mwiko mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Juma alikuwa ameachiwa sufuria aiangalie. Akatoka mara moja kutazama pancha ya pikipiki yake, akamkuta jirani anahangaika na pampu ya maji, akaenda kumsaidia, na alipokumbuka kurudi maharage yalikuwa yameshikana na sufuria hayaachani.

"Wifi, nimechoka," Rehema aliniambia. "Mimi sina mume, nina mtoto wa darasa la pili."

Nilitaka kumpa pole. Badala yake nikacheka, tena kwa sauti, na yule mtoto wa watu akanikata jicho ambalo sitalisahau. Ilibidi nikae naye pale ngazini nimweleze kwamba simcheki yeye. Wenzangu wakisikia harufu ya maandazi au ya udi wanawakumbuka mama zao. Mimi wangu ni maharage yaliyoungua. Nyumba yetu ya utotoni, kule Janga, ilinuka hivyo karibu kila wiki, na katika nyumba ile, nikiwa na miaka tisa, nilifanya kosa ambalo nusura limrudishe mama yangu kwao. Rehema nilimsimulia sehemu ya habari hiyo. Hapa naisimulia yote.

Mama alikuwa binti wa Mzenga, huko Kisarawe, akaolewa na baba yangu na kuhamia Janga. Alikuwa mwanamke wa kuanza mambo. Uwanja wetu asubuhi ulikuwa na mpaka: upande huu umefagiwa unang'aa, upande ule majani ya jana yapo palepale, na ufagio umelala katikati. Mwenyewe ungemkuta kwa jirani anamenya kunde, kwa sababu alikwenda kuomba kiberiti. Chai yetu iliwahi kutiwa chumvi mara mbili katika wiki moja. Tuliwahi kutafuta kandambili za Baba siku nzima, tukaja kuzikuta ndani ya pipa la unga. Ukizungumza naye alikuwa anakuangalia usoni vizuri kabisa, anaitikia, kisha katikati ya maneno yako anauliza, "Hivi yule kuku mweusi ametaga leo?"

Lakini nisimseme nusu nusu. Siku paa la makuti la jirani liliposhika moto, watu wazima na ndevu zao walisimama wakipiga kelele, Mama peke yake akajua nani apande juu, nani ashike ndoo, nani awatoe watoto. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mvua za kwanza zikinyesha alikuwa anaacha kila kitu na kuingia nazo shambani, akilima tangu alfajiri hadi alasiri bila kukumbuka kula, na ekari ambayo wengine waliimaliza kwa wiki yeye aliimaliza kwa siku mbili. Halafu wiki nzima jembe likawa halijulikani lilipo. Sisi watoto tulimpenda mno. Kucheza naye kulikuwa sawa na kucheza na mtoto mwenzetu mwenye ruhusa ya kila kitu.

Baba, jina lake Saidi, alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali kule Mlandizi. Kazi yake tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa kujua kila faili liko wapi, nani kalichukua na atalirudisha lini. Mtu wa namna hiyo alipanda baiskeli kila jioni na kurudi kwenye nyumba ambayo hata chumvi haikuwa na kwao. Nilikuwa namtazama anavyokwangua weusi wa ugali kwa kisu, polepole, kama anayechonga penseli, kisha anakula na kumwuliza Mama habari za mchana. Mama anamsimulia, Baba anacheka mpaka anaweka tonge chini. Si kwamba hakuwahi kukasirika. Siku shati lake la kazini lilipounguzwa kwa pasi ya mkaa, ikabaki alama ya pasi mgongoni, alitoka akaenda kukaa kisimani hadi magharibi. Mama alilia ndani akijipiga kifuani na kujiuliza yeye ni mtu wa namna gani. Kilio kile kilinitisha, maana alikuwa anauliza kweli, hakuwa anatafuta huruma.

Mwaka ule alikuja kuishi nasi Shangazi, dada mkubwa wa Baba, baada ya kufiwa na mumewe. Shangazi alikuwa fundi wa mikeka. Alikaa barazani tangu asubuhi, ukindu wake umepangwa kwa rangi, anasuka shupatu moja refu, utepe wa kushonea mkeka, na akimaliza pima yake anainuka, anakunja, anaweka mahali pake. Alikuwa mwanamke mwema, nataka hilo lieleweke, lakini nyumba yetu ilimuumiza macho. Alikuwa anaokota alichoangusha Mama, anafunika alichoacha wazi, anazima alichowasha, na kila mara anavuta pumzi ndefu ili tumsikie. Kilichomshinda kabisa ni kicheko cha Baba.

"Mwanamume mzima anakwangua mkaa kwenye ugali, anakula, tena anacheka," aliniambia siku moja mimi, mtoto, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumwambia. "Hii si bure. Kuna mtu kalishwa limbwata hapa."

Sikujua limbwata ni nini. Nilijua tu kwamba ni kitu ambacho wake wabaya huwafanyia waume zao ili wasione makosa. Nikaanza kumwangalia Mama.

Wakati huohuo, madrasa, ustadhi wetu alikuwa ametufundisha jambo ambalo lilininyima raha. Alituambia wapo watu wanaowadhuru wenzao kwa kufunga mafundo na kuyapulizia, wakitaja jina la wanayemtaka, na ndiyo maana tunajikinga kwa dua asubuhi na jioni. Tulikuwa tumebanana kwenye jamvi, kumi na wanane, na nakumbuka jinsi wote tulivyotazama kamba ya mfuko wa juzuu zetu. Niliporudi nyumbani nilifungua hata fundo la chandarua.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikwenda nyuma ya banda la jiko kuchukua kuni nikamwona Mama. Alikuwa amenipa mgongo. Ameshika pindo la khanga yake aliyojifunga, anafunga fundo dogo pale kwenye ncha, halafu akalileta mdomoni. Alikuwa analikaza kwa meno, lakini mimi niliona midomo na pumzi. Na alikuwa ananong'ona. Nilisogea, nikasikia. "Saidi, shati," alisema. Akafunga la pili, akalipeleka mdomoni. "Chumvi." Akafunga la tatu, akalikaza sana hili, mpaka shingo ikamtoka mishipa. "Wifi, ukindu. Wifi, ukindu. Wifi, ukindu."

Kilichonishtua kuliko vyote ni lile neno Saidi. Mama hakuwahi kumwita Baba kwa jina lake hata siku moja. Mbele yetu alimwita mume wangu, mbele ya wageni alimwita baba watoto. Sasa nimemkuta nyuma ya jiko anamtaja jina tupu kwenye fundo, tena na Shangazi naye anatiwa fundoni pamoja na ukindu wake. Niliacha kuni. Siku mbili nilikuwa nakula chakula cha Mama kidogo kidogo, nikimwangalia Baba kama amebadilika rangi.

Bado ningenyamaza, nadhani, kama isingekuwa habari ya sokoni. Mama alikwenda sokoni Mlandizi na Juma, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Akarudi na kikapu, akawasha moto, akaanza kukatakata mchicha huku akiimba. Nilikuwa nimekaa naye. Ghafla kisu kikasimama.

"Juma yuko wapi?" aliniuliza.

"Si ulikwenda naye?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondokewa na damu kwa haraka vile. Alitoka mbio bila viatu, na mimi nyuma yake, na Shangazi nyuma yangu akitaja majina ya Mungu. Juma tulimkuta salama kabisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama mmoja muuza vitumbua, mafuta yamemjaa mashavuni, anakula cha nne, na yule mama akatuambia alijua tu mwenyewe atarudi. Mama alimbeba Juma mpaka nyumbani akiwa amembana kiasi kwamba mtoto alilalamika.  Shangazi ndiye aliyesema, na alisema neno moja tu.

"Leo umemsahau mtoto, wifi. Kesho?"

Kesho yake Shangazi alikuwa ananisuka nywele barazani. Kichwa changu kilikuwa katikati ya magoti yake, mafuta ya nazi yananitiririka sikioni, na yeye anavuta kila mkia kana kwamba nywele zangu ndizo zilizomsahau Juma sokoni. Alikuwa anaongea peke yake kuhusu ndugu zake na bahati zao. Akasema tena kwamba hii si bure. Na mimi, sijui kwa maumivu ya kichwa au kwa hofu ya siku zote zile, nikasema, "Mama anafunga mafundo. Anayapulizia. Anamtaja Baba, na wewe anakutaja."

Mikono yake ikasimama. Nilikaa vile, nusu nimesukwa nusu bado, kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema hapana. Akamalizia kunisuka kwa vidole laini mno, na ulaini ule ndio uliniambia kwamba nimefanya jambo kubwa.

Kwetu mke akishindwa nyumba, hawaitwi kwanza wazazi wake. Anaitwa somo, yule mwanamke aliyemfunda alipokuwa mwali, aje aulizwe alimfundisha nini. Ni aibu yake kabla haijawa aibu ya mtu mwingine. Shangazi alituma salamu Mzenga, na siku ya tatu, Ijumaa, akafika somo wa Mama, Bi Pili, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ameteremka kwenye lori la mkaa na vumbi jeusi hadi kwenye nyusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kidevu na kusema nimefanana na mama yangu. Wakati ule nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemsikia Shangazi akimwambia Baba asubuhi kwamba kama ni kweli, ataandika talaka leo hii na Hawa apande lori hilohilo kurudi kwao. Hawa ndiye mama yangu.  Baba alikuwa anafunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena.

Baada ya swala ya Ijumaa walikaa ndani, mlango wazi. Mama kwenye mkeka, Juma amelala pajani mwake. Baba kwenye kiti. Shangazi na Bi Pili kwenye kitanda cha kamba. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kizingiti na bakuli la kunde nisizozimenya, na hakuna aliyenifukuza.

"Bi Pili," Shangazi alianza, "sitaki kumwonea mtoto wako. Kuunguza chakula, nimenyamaza. Kumsahau mtoto sokoni, nimenyamaza nusu. Lakini nimeambiwa na mwenye macho kwamba anafunga mafundo na kuyapulizia, na ndani yake kuna jina la mdogo wangu. Na langu."

Mama aliinua uso. Hakumtazama Shangazi, alimtazama Baba, na Baba akamtazama yeye, na pakawa na mazungumzo pale ambayo mimi sikuyaelewa. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba walikuwa na ahadi. Mama alikuwa amemwomba Baba asimwambie dada yake kamwe kwamba yeye, mke wa watu, mama wa watoto wawili, lazima akumbushwe vitu kama mtoto anayetumwa dukani.

"Sema tu," Mama alimwambia.

"Dada, hayo mafundo nimemfundisha mimi," Baba alisema. "Kazini kwetu faili likitoka kabatini tunaacha kadi mahali pake, ili mtu ajue kuna kitu kinadaiwa pale. Kwanza nilimwandikia karatasi. Karatasi zinapotea. Khanga haipotei, ameivaa. Kila asubuhi anafunga fundo kwa kila jambo, analitaja ili likae, na jioni tunakaa tunayafungua pamoja, lisilotimizwa linabaki."

"Saidi, usimfichie mkeo," Shangazi alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu anayeogopa kwa ajili ya mdogo wake. "Ungeniambia."

"Aibu ilikuwa yangu," Mama alisema. "Niliona haya, wifi. Wewe kila kitu chako kiko mahali pake."

Bi Pili alikuwa anawasikiliza. Sasa akakohoa. "Mimi mnaniuliza nilimfunda nini. Nilimfunda kama wenzake. Wenzake ukiwaambia jambo moja wanasikia jambo moja. Huyu ukimwambia, anakusikia wewe, na kuku, na mvua inayokuja, na mtoto wa jirani anayelia, vyote kwa mpigo. Basi chako kinakosa pa kukaa. Nilimfunda mara mbili, na kwenye mara ya pili alinifunda yeye uvumilivu." Akamnyooshea mkono Mama. "Mwali wangu, mafundo unayo leo?"

Mama akavuta pindo. Yalikuwa matatu.

"Fungua moja moja, useme mbele ya wifi yako."

Mama akalifungua la kwanza. Shati la Baba, kupiga pasi. Akalifungua la pili. Kuni zimekwisha. Akafika la tatu. Hili lilikuwa la siku nyingi, limekauka, limebanwa gumu kama mbegu ya ubuyu. Vidole vyake vilihangaika nalo, halafu vikaacha. Niliona macho yake yanazunguka chumbani, ukutani, darini, kwa Juma, yanatafuta.

"Hili..." alisema. "Hili ni la..."

 Nzi alikuwa anagonga dirishani, na kwa kuwa Mama alikuwa Mama, akageuka kumtazama yule nzi. Shangazi alishusha pumzi. "Hilo ndilo," alisema polepole. "Hilo ndilo nililokuwa nalisema."

Na mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia mara tatu nyuma ya banda la jiko. Lakini nikilitaja, kila mtu chumbani atajua ni nani alikuwa nyuma ya banda, na mwenye macho ni nani. Nilimwona Mama anageuza lile fundo kwa kidole, na nikaona lori la mkaa, na yeye juu yake, na vumbi. Bakuli likanitoka mkononi.

"Ni ukindu," nilisema. "Ukindu wa Shangazi."

Wakageuka wote. Kunde zilikuwa zinabingirika hadi chini ya kitanda.

"Alisema wifi ukindu, wifi ukindu, wifi ukindu," nikaongeza, na hapo nikaanza kulia.

Shangazi alikuwa amemwagiza Mama ukindu wiki mbili kabla, na asubuhi ileile alikuwa ameulalamikia.  Lakini Mama ndiye aliyeruka, nusura amwangushe Juma.

"Ukindu! Nimeununua! Sokoni nilimweka Juma kwenye kigoda ili mikono yangu ichague ukindu mzuri, mwembamba, ule unaoupenda wewe wifi, nikachagua, nikauegemeza pale kwa mama wa vitumbua nikamlipe muuzaji, nikakutana na..." Akaishia hapo, akajishika kichwa. "Juma nilimrudia. Ukindu sikuurudia."

Bi Pili ndiye aliyeanza. Alicheka kicheko kizito cha tumboni, akajipiga mapaja, vumbi la mkaa likamtoka kwenye khanga. Baba akamfuata, kwanza akijizuia, kisha ameinamia magoti. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Shangazi hakucheka. Alishuka kitandani, akaenda kupiga magoti mbele ya Mama, akachukua sindano yake ya kushonea mikeka iliyokuwa imechomekwa kifuani, na kwa ncha yake akaanza kulilegeza lile fundo. Ilimchukua muda. Lilipofunguka alilinyoosha pindo kwa kiganja, mara mbili, tatu, kama anavyonyoosha shupatu.

"Ungeniambia, wifi," alisema. "Ningekuwa nakukumbusha."

Baba alichukua baiskeli palepale. Ukindu aliukuta umening'inizwa kwa yule mama wa vitumbua, unasubiri mwenyewe.

Nikisema mambo yalinyooka tangu siku ile nitakuwa nadanganya. Mama aliendelea kuwa Mama. Ila Shangazi alilichukua jiko, akalifanya lake, na Mama akaachiwa shamba, wageni, wagonjwa wa mtaa na michezo yetu, vitu ambavyo Shangazi hakuviweza. Jioni walikuwa wanakaa watatu barazani kufungua mafundo, na Shangazi ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote: "Wifi, la pili hilo, usiliruke." Watu waliopita waliwasikia wakicheka. Roho yangu ilitua, lakini si yote. Mama hakuwahi kuniuliza. Nilisubiri aniulize wiki ile, nikasubiri mwaka ule, nikasubiri mpaka nikaolewa. Kila aliponiita kwa sauti ya kawaida tu, nilidhani leo ndiyo leo.

Rehema alisikiliza sehemu aliyosikiliza, akafuta macho, akasema angalau Baba alikuwa na mbinu, yeye mbinu ameishiwa. Nikamwambia waende kwa daktari, nimesikia siku hizi jambo hili la kusahausahau linapimwa hata kwa watu wazima. Walikwenda Dar mara tatu. Juma alinipigia simu mwenyewe, sauti imechangamka, akaniambia lina jina, ADHD, akanieleza kwamba si uvivu wala ujeuri, ni ubongo usiojua kuchagua kipi kisikilizwe kwanza, na kwamba mara nyingi watu huzaliwa nalo, tena hupita kwenye ukoo. Daktari alimwuliza kama nyumbani kwao kuna mwingine. Juma alisema yeye na Rehema waliangaliana wakacheka mpaka daktari akaweka kalamu chini. Rehema hajafungasha virago. Amenunua saa ya jikoni inayopiga kelele, na Juma anaichukia, na maharage yanaiva.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mzenga. Baba alipostaafu walihamia huko, kwenye shamba la ukoo wa Mama. Shangazi ameshatangulia mbele ya haki. Niliwakuta wanabangua korosho, nikawaeleza alichosema daktari, taratibu, kwa Kiswahili nilichokiandaa njiani. Baba aliuliza kama dawa zina madhara. Mama aliacha kubangua, korosho mkononi.

"Kwa hiyo si uzembe," alisema mwisho.

"Si uzembe, Mama."

"Mama yangu alikufa ananiita mzembe." Akabangua korosho moja, akaitazama, akaila. "Basi. Ningependa angesikia."

Baba alimsogezea maji. Alipoinuka kwenda kuswali nikabaki na Mama, na nikaona nisipolisema leo nitazeeka nalo. Nikamwambia kwamba yule mwenye macho, siku ile ya Bi Pili, alikuwa mimi. Kwamba nilikuwa nyuma ya banda la jiko na nilidhani anamroga Baba. Nililisema nikiangalia chini, mwanamke mzima mwenye watoto.

"Najua," Mama alisema. "Ulipotaja ukindu nilijua, na Shangazi yako akanithibitishia jioni ileile."

"Mbona hukuniuliza? Miaka yote hii?"

"Nilitaka kukuuliza. Nilikuwa na hasira, usidhani. Baba yako akanishikia pindo la khanga, akaniambia funga hapa, kesho umwite mtoto uzungumze naye." Alikung'uta maganda ya korosho mapajani. "Nikamwambia hili aniachie, silifungi. Hili nataka nilisahau."